Bati Jipya Nyikani

Mwanaidi alizikwa juzi, na shughuli yote ilifanyika kwa mwanawe pale Mombo, katika nyumba mpya ambayo kila aliyeingia aliisifia kabla hata hajavua viatu. Sakafu ya vigae, madirisha makubwa ya vioo ambayo sehemu kubwa hayafunguki, na feni moja katikati ya sebule iliyokuwa ikituzungushia joto lile lile tulilokuwa nalo. Sisi wanawake tulibanana mkekani tukijipepea kwa ncha za kanga. Wanaume walipokwisha kwenda makaburini, msichana mmoja mjamzito akasema anahisi kizunguzungu. Wakamwambia ni uchungu wa msiba. Nilimshika mkono, nikamtoa nje, nikamkalisha upande wa nyumba wenye kivuli na kumwambia asirudi mle ndani hata aitwe na nani. Alinitazama kama bibi aliyeanza kuchanganyikiwa, nami sikumlaumu. Mtu pekee ambaye angenielewa bila maelezo ndiye aliyekuwa akifukiwa saa ile ile.

Katika umri wangu nimesikia nyumba zikilaumiwa kwa majini, kwa mizimu ya ukoo na kwa majirani wenye husuda. Sijasikia hata moja ikilaumiwa kwa namna ilivyojengwa. Kwa hiyo naandika habari za mwaka ule tuliohamia kijiji cha ujamaa, mwaka niliokuwa binti wa miaka ishirini na mimba yangu ya kwanza, nikiwa na mume niliyempenda na mama mkwe niliyemwogopa. Tulitoka juu ya Soni, kwenye ukungu, mahali ambapo mtu huamka na kukuta kanga aliyoianika jana bado mbichi. Tukapelekwa chini nyikani, kwenye ardhi tambarare yenye miiba na mashamba ya mkonge, ambako tangu utoto tulikuwa tukiambiwa kwamba mtu wa milimani akilala huko usiku mmoja, wa pili analala na homa. Lakini huko tuliahidiwa maji ya bomba, shule, zahanati, na juu ya yote nyumba za bati. Wakati huo kwetu bati lilikuwa la kanisa na la duka la Mhindi. Mtu aliyekuwa na bati aliitwa bwana hata kama alikuwa mlevi.

Nyumba tulijenga wenyewe, kwa zamu, kwa ramani aliyoleta kijana mmoja wa wilayani. Zilipangwa safu mbili zilizonyooka, milango yote ikitazama barabara kuu, ili wageni wakipita waone maendeleo. Barabara ilikuwa upande wa magharibi. Chumba cha kulala kilikuwa mbele, kando ya mlango, na kila alasiri jua liliingia kukipiga ukuta mpaka likazama. Hilo halikumsumbua mtu. Tulijenga kwa mikono ya milimani: kuta fupi, dirisha moja dogo la ubao, hakuna baraza, na udongo umekandikwa mpaka juu. Katika ramani yule kijana alikuwa ameacha uwazi kati ya ukuta na bati, kuzunguka nyumba nzima, pa kutokea hewa. Mama mkwe wangu, ambaye kila mtu alimwita Mama Elia kwa jina la mume wangu, alipouona uwazi ule alishika kiuno akacheka. Kisha akapanda juu ya ngazi na ndoo ya udongo, mwanamke aliyekwisha kuwa na mvi, akauziba wote kwa viganja vyake. Wanawake wengine wakamfuata, nyumba kwa nyumba, wakiimba.

Yule kijana aliporudi kukagua alizunguka nyumba tatu, kisha akauliza, "Matundu yako wapi?"

Mwenyekiti wa kijiji, mzee mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi, akajibu kwa fahari, "Tumeyaziba, ndugu. Tuliona mchoraji ameyasahau."

"Sikuyasahau. Mtaungua humu."

Tulicheka sote, hata mimi. Mtu kuungua kwa kukosa upepo! Kwetu upepo ndio ulioua. Upepo ulileta kikohozi, ulileta kichomi, uliingia kwa mtoto mchanga kupitia utosini. Yule kijana alitikisa kichwa, akapanda gari lake, na baadaye tukasikia amehamishiwa mkoa mwingine. Nimewahi kujiuliza kama anakumbuka kicheko chetu.

Miezi ya kipupwe ilitudanganya. Nyumba zilikuwa baridi asubuhi na za vuguvugu jioni, na Mama Elia alikuwa akikaa sebuleni na bakuli la makande, akilitazama bati kwa juu kama mtu anayetazama mbinguni. "Elia," alikuwa akisema, "baba yako angeiona nyumba hii asingekufa." Alikuwa mkunga, na mkunga mzuri, sitaki mtu yeyote amdhanie vinginevyo. Mikono yake ilikuwa midogo na ya haraka, na wanawake wa safu zote mbili walimtaka yeye, Waislamu kwa Wakristo, kabla ya kufikiria zahanati ambayo hata hivyo ilikuwa bado ni msingi tu. Usiku nilikuwa nikimsikia kupitia ukuta akiomba kwa Kishambaa, akitaja majina mawili ambayo hakuna mtu aliyeniambia ni ya nani. Elia ndiye aliyeninong'oneza kwamba walikuwa kaka zake, waliokufa wangali wachanga, kule juu, katika mwezi mmoja wa baridi kali.

Mwanaidi alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, binti wa upande wa Mlalo, mwenye mdomo usiolala. Mumewe alifanya kazi ya kukata mkonge na kuonekana mwisho wa juma tu, kwa hiyo mchana alikuwa wangu. Naye alikuwa mjamzito, ametangulia mbele yangu kwa miezi kadhaa, na alijifanya mwalimu wangu katika mambo yote. "Wewe Naomi tumbo lako limekaa kama la mchungaji," alikuwa akiniambia, "hilo ni la ubwabwa, si la mtoto." Tulikuwa tukimenya muhogo pamoja mlangoni kwake, tukiitazama milima yetu kule juu, ya bluu, mawingu yakiwa yameikalia. Kutoka pale chini ilionekana karibu sana. Yeye alikuwa wa kwanza kusema kwamba bati linaongea.

Lilikuwa linaongea kweli. Vuli ilipita bila mvua ya maana, na jua lilipokwisha kupanda bati lilianza kulia, tak, tak, kama mtu anayevunja vijiti polepole juu ya kichwa chako. Jioni lilianza tena likipoa. Vifaranga vya Mama Elia, alivyovifunika kwenye tenga chumbani ili mwewe asivichukue, tulivikuta vyote vimekufa, midomo wazi, bila jeraha. Akasema ni kideri. Samli ikawa maji na haikuganda tena. Mshumaa niliousimamisha juu ya kifuniko cha kopo, kwenye rafu ya chumba chetu, niliukuta umeinama mpaka utambi umegusa ubao, na sikuwa nimeuwasha. Nilimwonyesha mama mkwe. Alisema mishumaa ya duka la ushirika siku hizi ni mibovu. Mimi nilihisi hofu ambayo sikuwa na jina lake, kwa sababu chumba kile ndicho ambacho ningewekwa nikijifungua. Kwa desturi yetu mzazi hufungiwa ndani na mtoto wake, dirisha limefungwa, na makaa ya moto katika kigae cha chungu chini ya kitanda, mpaka siku ya kumtoa mtoto nje. Kule milimani moto ule ndio unaomwokoa mtoto. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akiuliza kama unafaa kila mahali.

Mwanaidi alijifungua mtoto wa kiume katika juma la joto baya kuliko yote. Mama Elia alimhudumia kama mwanawe wa kumzaa. Nilimwona akibeba makaa asubuhi na jioni, na uji wa moto wenye pilipili manga, na blanketi lake mwenyewe, lile zito la milimani, amempelekea mtoto. Mimi sikuruhusiwa kuingia kwa sababu ya mimba yangu. Nilikuwa nikikaa upande wangu wa ukuta nikimsikiliza mtoto analia, kilio kikali cha mwenye nguvu, na nikamsikia Mwanaidi akisema, "Mama, nifunguliwe dirisha kidogo tu?" na sauti ya mama mkwe ikimjibu kwa upole kabisa, "Vumilia mwanangu, joto ni uzima." Siku iliyofuata kilio kikawa chembamba. Alasiri mtoto akanyamaza. Nakumbuka nilishukuru kwamba amelala.

Walimzika kabla ya magharibi. Wanawake kisimani walisema ni zimwi la nyika, wengine wakasema degedege, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba mahali hapa hapataki watoto, na kwamba si wa kwanza, kule mwisho wa safu ya pili alikufa mwingine, na wote walikuwa wachanga, na wote walianza kwa kunyamaza. Ule mdomo usiolala wa Mwanaidi ulifungwa. Alikaa kizingitini mwake siku baada ya siku, maziwa yakimlowesha kanga kifuani, na nilipomsalimia kwa Kishambaa, "Onga mshi," alinitazama tu. Nilimlilia, na nitasema ukweli, nilijililia na mimi. Mtoto wangu alikuwa akicheza tumboni kila usiku, bati likipoa juu yetu.

Ndipo nilipoikata ile mishumaa mibovu vipande. Kimoja nilikisimamisha chumbani, kimoja sebuleni, kimoja jikoni, ambacho kilikuwa kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, bila ukuta upande mmoja. Cha chumbani kililala kabla ya alasiri. Cha sebuleni kiliinama jua lilipokuwa likishuka. Cha jikoni kilisimama wima mpaka giza likaingia, na ilikuwa jikoni, penye moto! Nilimwita Elia nikamwonyesha. Hakubishana. Kesho yake hakwenda shambani, alijifungia chumbani mchana, dirisha limefungwa, akalala kitandani kama mzazi. Mama yake alimuuliza kupitia mlango kama anaumwa. Alipotoka shati lilikuwa limemgandia mwilini na macho yamekuwa mekundu. Alikunywa maji ya kata mbili, akanitazama, akasema, "Hapa huzai."

Alikwenda kwa mwenyekiti kuomba ruhusa ya kuezeka nyasi juu ya bati. Nilimsindikiza, nikakaa nje ya ofisi nikisikiliza.

"Ndugu Elia," mwenyekiti alisema, "tumetoka kwenye nyasi. Unataka kuturudisha huko?"

"Nataka kivuli tu, mzee. Mke wangu yuko karibu."

"Na wageni wakipita waone nini? Nyumba moja ina nywele na nyingine zina upara? Hapa tuko sawa wote."

"Basi niruhusu nigeuze mlango, chumba kiwe nyuma."

"Mlango ukigeuka, safu imeharibika. Nenda nyumbani. Wanawake wanazaa tangu Hawa."

Elia alirudi nyumbani akazitazama kuta za chumba chetu kwa ndani. Kama nje hakuruhusiwa, ndani hakuna aliyepita barabarani akaona. Alileta miti ya mkonge, ile mirefu na myepesi inayobaki maua yakishaanguka, akaipanga juu ya kuta za chumba chetu, akaikandika udongo mzito kwa juu. Ikawa dari. Bati likalia upande wake, sisi tukabaki upande wetu. Kisha juu kabisa ya ukuta, chini ya dari, upande wa mashariki na wa magharibi, akatoboa matundu ya kutosha kupitisha mkono. Nilisimamisha kipande cha mshumaa, kikasimama hadi alasiri, kikaegama kidogo tu. Nilicheka kwa sauti peke yangu. Mama Elia alikuja akasimama mlangoni, akayatazama matundu.

"Haya ya nini?"

"Ya hewa, mama," Elia akasema.

"Wanangu wawili walichukuliwa na baridi. Mmoja nilimzika ukungu haujaondoka mlangoni. Usinifundishe mtoto anakufa na nini." Akageuka kwangu. "Na wewe, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nilijifungua salama, alfajiri, kwa mikono yake ile midogo. Alikuwa wa kiume. Siku za mwanzo zilikuwa njema, hewa ilipita, mtoto alinyonya na kulala na kunikojolea. Makaa aliyaleta, lakini Elia aliyatoa kila aliposhinda nyumbani, na mama na mwana wakawa wanapishana mlangoni na kile kigae bila kusemezana. Kisha ikatangazwa kazi ya shamba la kijiji kwa kila mwanamume mwenye nguvu, asiyefika ajieleze mbele ya mkutano. Elia aliondoka asubuhi. Nililala. Nilipoamka chumba kilikuwa na giza, kinywa kimenikauka, na niliponyanyua macho niliona matundu yamejazwa matambara, moja moja, yameshindiliwa vizuri kabisa. Chini ya kitanda makaa yalikuwa yamekolea. Mtoto alikuwa amefunikwa blanketi lile zito la milimani.

"Mama, yaondoe," nilisema.

"Ana homa. Mguse. Baridi imemwingia kwa matundu yenu." Alikuwa amepiga magoti kando yangu, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni, anamkazia mtoto blanketi. Alikuwa anampenda. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Nitaongeza moto kidogo, itatoka."

Nilijaribu kuinuka, kichwa kikanizunguka, nikaanguka tena kitandani. Nilimpa mtoto ziwa, hakukuwa na kitu. Alilia, akalia, na kile kilio nilikuwa nimekwisha kukisikia, kupitia ukuta. Kikawa chembamba. Bati lilikuwa likipigapiga juu ya dari. Kisha mtoto akanyamaza, na Mama Elia akashusha pumzi, akafuta uso kwa upande wa kanga. "Umeona? Amepata joto, amelala."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mwanaidi alisimama pale, nywele hazijasukwa tangu msiba, akiangalia blanketi. Sikuwa nimesikia sauti yake tangu mazishi. Ilikuwa imekwaruza.

"Wangu alinyamaza hivi hivi," alisema.

Aliinama akamtoa mtoto ndani ya blanketi. Mama Elia akasimama mlangoni, mikono imeshika pande zote mbili. "Mtoto hatolewi nje kabla ya siku zake. Unataka kuniulia mjukuu?"

"Nipishe, mama."

"Mwanaidi!"

"Nipishe."

Sijui aliona nini katika uso ule, lakini mikono ilishuka. Mwanaidi akapita, akazunguka nyumba mpaka jikoni. Mimi nilimfuata nikishika ukuta, kisha nikitambaa, aibu yote imenitoka. Alikuwa amekaa chini penye nyasi, amelowesha kanga yake mtungini, anampangusa mtoto kichwa, kwapa, nyayo, anampulizia usoni. Mtoto alikuwa amelegea, midomo imekauka. Nilipiga kelele ya jina la Mungu. Mwanaidi hakunitazama. Alifungua kifua chake, akakamua tone moja kwenye ulimi wa mtoto, akasubiri, akakamua jingine. Maziwa yale yalikuwa bado yanatoka, miezi yote ile, hayana wa kuyanywa. Tulikaa hivyo, sijui kwa muda gani. Kisha taya ndogo ikatikisika, ikavuta mara moja, ikaacha, ikavuta tena, na safari hii haikuacha. Machozi yalimtoka Mwanaidi yakamdondokea mtoto kichwani, naye hakuyafuta.

Mama Elia alitokea kona ya nyumba. Alikuwa ameshika yale matambara yote mikononi, ameyang'oa mwenyewe. Alimtazama mjukuu wake akinyonya. Alitazama ziwa la Mwanaidi. Alikuwa bado juani, na nikaona uso wake unaelewa jambo, polepole, na hauna mahali pa kwenda nalo.

"Mwanangu," alimwambia Mwanaidi. "Wako nilimfunika mimi."

"Najua, mama." Mwanaidi alimhamishia mtoto ziwa la pili, akamtegemeza shingo. "Mpe Naomi maji. Naye amekauka."

Mama Elia aliyaweka matambara chini, akaja kivulini, akachota maji mtungini.